Sauti ya Kumwita Kobe

Shangazi yangu, fundi cherehani, ana sauti nyembamba. Wateja humsogelea ndipo wamsikie. Akishona hubana pini midomoni, na hapo hata "karibu" huisema kwa nyusi. Ila jioni, akishika maganda ya tikiti, husimama kwenye mlango wa uani, hujikohoza, kisha hutoa sauti nzito ya kukwaruza: "We mzembe! Kula nako mpaka ubembelezwe?" Ndipo kobe hutoka chini ya karo la kufulia, shingo mbele. Kwa sauti nyingine hatoki ng'o. Hiyo ni sauti ya marehemu bibi, aliyemrithi kobe huyo kwa baba yake.

Juzi baba yangu alikuja kumjulia hali dada yake. Alikuwa sebuleni anapuliza chai, sauti ile iliposikika uani.

"Naam, mama!" akaitika, ameshasimama.

Nikamfuata hadi uani. Kobe alikuwa anatafuna. Hakuna aliyecheka.

"Dada, mwite tena."

"Si huyu hapa, anakula?"

"Mwite tu."

Shangazi akajikohoza, akamgeukia baba. "We mzembe! Na wewe umekula?"