Muti ya avoka imenivuruga kichwa

Balafiki, leo muti imenishinda, mi muchimbaji mukali wa shaba huku Kapata!

Ni ile avoka nyuma ya nyumba yetu. Tangu mvua ya juzi imeinama upande wa chumba ya mama, na mama anataka ikatwe.

Mi nikacheka. Nikagonga shina na nyundo, vile tunagonga ukuta mu shimo ya mine. Ikalia nzito, ndani haina uwazi. Majani mabichi, matunda mingi.

"Mama, hii muti iko na afya kuliko mi!"

Mudogo wangu Mado hakuangalia hata jani moja. Akaangalia chini.

"Yaya, mukubwa wangu, hii ufa ni ya nini?"

Kumbe udongo umepasuka nyuma ya shina, mizizi inanyanyuka.

"Mu shimo, udongo ikipasuka hivi, unafanya nini?"

"Natoka mbio."

"Na mama atatoka mbio na kitanda yake?"

Nikafuata ile ufa na macho. Ufa inaishia wapi? Mu kashimo nilichimba mwezi jana nikitafuta shaba. Mizizi tatu minene nilikata mi mwenyewe. Na shaba sikuona!

Lakini bado sielewi. Muti muzima namna ile inataka kuangukaje? Mulishaona hii jambo?

Mama amehamia mu chumba yangu, mi nalala chini mu salon ya nyumba. Kesho asubuhi bafundi ba msumeno banakuja.

Avoka zote ni za bure. Mwenye atacheka hapa, hapati hata moja.