Kitufe cha Mgebuka Dukani kwa Mama Mkwe

Jamani, mkinikuta Ujiji siku ya Ijumaa nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, nawaomba msiniite kwa sauti, maana mpaka leo kuna watu pale wakisikia jina la Issa wanacheka kwanza ndipo wanaitikia salamu. Naona haya hata kusimulia. Lakini kwa kuwa mmenibana, na kwa kuwa wengine mmeshaisikia nusunusu kutoka kwa watu wasiojua hata ilivyoanza, bora niiseme mwenyewe, angalau nijipake rangi nzuri pale inapowezekana (hapawezekani pengi).

Mimi ni Muha wa Kasulu, karani kwenye ofisi ya mizigo kule Bangwe, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Buzebazeba na nimempenda Zuhura wa Ujiji mpaka chai nasahau kutia sukari. Nikatafuta mshenga, nikampata Mzee Hamadi, mtu anayeheshimika, katibu wa kamati ya maulidi msikitini kwao. Barua ya posa ikaenda, jibu likawa bado. Aliyepita njia hiyo anajua kipindi hicho kilivyo: wazee wa upande wa binti wanakuchunguza kimyakimya, wanauliza unaswali wapi, unakopa kwa nani, ukipiga chafya sokoni habari zinafika kabla hujajifuta pua. Kwa hiyo nilitembea kwa adabu sana, nikamsalimia kila mtu, hadi mbuzi nikawa nawapisha njia.

Sasa, mama yake Zuhura ana steshenari karibu na msikiti, anachapa na kutoa kopi, na ndiye anayechapa ratiba za maulidi na kadi za harusi za mtaa mzima. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, akanunua nyingine, na hii mpya ilikuja na window mpya ambayo kitufe cha kuanzia, kile unachobonyeza ndipo menyu ifunguke uchague programu, kimehama kona ya kushoto kikaenda kukaa katikati. Mama wa watu alikasirika kama mtu aliyekuta jiko limehamishiwa sebuleni. Mimi nilipopita Alhamisi kupeleka salamu (na mkungu wa ndizi, sikwenda mikono mitupu), Bi Mwajuma, shangazi yake Zuhura ambaye hushinda pale dukani, akanidaka mlangoni.

"Wewe si ndiye unayejua kompyuta? Wifi yangu anasumbuka. Kitufe kimetoroka kona. Kirudishe."

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipotakiwa niseme, "Shangazi, dakika moja," nikakirudisha kitufe kona, nikaenda zangu. Maana kukirudisha ni jambo dogo, liko humohumo kwenye mipangilio. Lakini nilimwona Zuhura amesimama nyuma ya mashine ya kopi anatabasamu, na mtu akitazamwa na mchumba wake akili huwa inashuka magotini. Nikajisemea moyoni, hapana, nitawafanyia kitu ambacho Ujiji hawajakiona.

Na kuna jambo mnatakiwa mlijue, maana bila hilo hamtaelewa upumbavu wangu ulikopitia. Mkwe na mkwewe hawakai kitako pamoja. Kale kachumba ka kompyuta ni kembamba, viti viwili vinagusana, kwa hiyo mimi nilipoingia mama akatoka, akakaa nje nyuma ya pazia, akawa ananiuliza kupitia kwa Bi Mwajuma, nami najibu kupitia kwa Bi Mwajuma. Nikiuliza, "Mama anatumia nini zaidi?" Bi Mwajuma anageuka, "Wifi, unatumia nini?" mama anasema maneno mengi kwa sauti ya chini, Bi Mwajuma anarudi kwangu, "Anasema anachapa." Basi. Maneno yote yale yamekuwa neno moja. Sikupata hata nafasi ya kumwona mkono wake unavyofanya kazi.

Nikapakua menyu ya watu binafsi, zile programu zinazoondoa menyu iliyokuja na kompyuta na kuweka nyingine. Ya kwanza ikakaa vizuri, ikarudisha kitufe kona, mambo safi. Lakini ilikuwa na rangi ya majivu, sikuipenda. Nikapakua ya pili juu yake, ikawa ukibonyeza kitufe zinafunguka mbili, moja kona na nyingine katikati, kila moja inaifunga mwenzake. Nikaitoa ya kwanza kwa shida, nikapakua ya tatu, na hiyo ya tatu, jamani, ilikuwa tamu! Inakuruhusu kupanga kila kitu upendavyo, vibao vikubwa vya rangi, na hata kitufe chenyewe unaweza kuweka picha yako. Nikaweka picha ya mgebuka. Mgebuka mzima, mnono, ametoka ziwani sasa hivi. Zuhura akacheka mpaka akashika mashine ya kopi, nami nikaona posa imeshajibiwa.

Kwa furaha hiyo nikazidi kupanga. Nikafikiri, mama ni mtu mzima, jioni anachoka, asitafute mahali pa kuizimia kompyuta. Kwa hiyo kile kibao cha juu kabisa, kikubwa kuliko vyote, nikakifanya cha kuzima. Na lile swali la kompyuta la "una uhakika unataka kuzima?" nikaliondoa, maana nani anapenda kuulizwaulizwa. Nikaifanya izime hapohapo, kazi iwe wazi isiwe wazi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ipenye pazia, "Shangazi, mwambie mama sasa hana taabu tena." Pazia likajibu, "Ahsante, baba." Nikaenda Buzebazeba natembea kama nimenunua meli.

Ambacho Bi Mwajuma hakunifikishia, na ambacho nilikuja kukijua mbele ya umati, ni kwamba Mama Zuhura maandishi ya kwenye menyu huwa hayasomi. Hana haja nayo. Mkono wake umezoea toka kompyuta ya zamani: kona, halafu juu kabisa, tayari anachapa. Sasa juu kabisa nimeweka nini? Haya.

Ijumaa asubuhi akawa na kazi ya ratiba ya maulidi, ya kesho yake, wageni wanatoka mpaka Burundi, na Mzee Hamadi anaisubiri aigawe baada ya swala. Zuhura alikuja kunisimulia baadaye kwamba asubuhi ile ndiye aliyeiwasha kompyuta na kumfungulia mama ukurasa, kisha akaenda sokoni. Mama akachapa ratiba yote vizuri. Akaja mteja anataka barua ya kuomba kazi. Mama, mkono kona, juu kabisa, aanze ukurasa mpya. Kompyuta ikazima. Ratiba ikaenda (mama huhifadhi kazi mwisho, mteja akishairidhia). Akawasha tena, mkono kona, juu kabisa. Ikazima. Akawasha. Ikazima. Taa inawaka, feni inazunguka, printa inapumua, kompyuta peke yake ndiyo haitaki kukaa macho.

Bi Mwajuma akatoa hukumu. "Hapa kuna mkono wa mtu," akasema, na akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kijana mmoja mpole alikuwa amefungua steshenari yake juzijuzi. Ukaletwa ubani. Mimi huko niko safu ya tatu msikitini, nimetulia, nimenukia, sijui kitu.

Swala ikaisha, yakafuata matangazo. Mzee Hamadi akashika spika, ile inayosikika mpaka kwa wavuvi. Akatangaza kikao, akatangaza mbuzi aliyeokotwa, kisha akasema, "Kijana wetu Issa, mtaalamu wa kompyuta, kama yumo humu, anaombwa aende haraka dukani kwa Mama Zuhura, ratiba ya maulidi imekwama."

Mtaalamu! Kwenye spika! Nilisimama polepole ili wote wanione. Watu wakanipisha, mmoja akanipiga bega, nikatoka nimebeba kifua, na nyuma yangu likafuata kundi zima la waumini, maana baada ya swala watu hawana haraka na kila mtu anapenda kuona mtaalamu anavyofanya kazi.

Nikakuta duka limejaa moshi wa ubani, Bi Mwajuma anazungusha chetezo juu ya kompyuta na kukohoa, watu mlangoni, watu dirishani. Mama Zuhura amesimama pembeni, macho mekundu, sikujua ni moshi au ni kulia. Nikaketi. Nikasema, "Tulieni, tuone tatizo." Nikaiwasha. Mgebuka akatokea kona. Nikasema, "Shangazi, mwambie mama anionyeshe alichofanya."

"Anafanya hivi," akasema Bi Mwajuma, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akabonyeza mgebuka, akabonyeza juu kabisa. Ikazima.

Nilielewa palepale. Na niseme ukweli, shetani alinijia na ushauri mzuri sana: nyamaza, ipige kofi kompyuta, iwashe, futa uchafu wako kimyakimya, useme ni virusi. Nani angejua? Lakini dirishani nikamsikia mtu, "Yewe, huyo wa ng'ambo ameanza lini kufanya haya?" na nilipoinua macho nikamwona yule kijana mwenye steshenari amesimama mlangoni mwake, ameshika rimu ya karatasi kifuani, anatutazama kwa woga. Nikaona nikinyamaza, nitaoa kwa mgongo wa mtu asiye na kosa.

Nikasimama. "Jamani," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba, "hakuna mkono wa mtu hapa. Ni mkono wangu. Mimi ndiye niliyeweka kitufe cha kuzima pale mama anapobonyezaga kuchapa."

Halafu mzee mmoja dirishani akauliza, "Na samaki je?"

"Na samaki ni mimi."

Kicheko kilichotoka pale, wallahi, nadhani hata migebuka wa kweli walikisikia. Watu walishikana mabega. Mzee Hamadi, mshenga wangu, alifunika uso kwa kofia. Bi Mwajuma alinitazama, akatazama chetezo, akanikabidhi mimi nikishike, kama kunifukiza ndiyo dawa iliyobaki. Nami nilikuwa na wazo moja tu: Zuhura ndiyo basi tena. Nitamweleza nini mama yangu Kasulu? Kwamba nimekosa mke kwa sababu ya menyu?

Nikaitoa ile programu, mgebuka akayeyuka, kitufe kikarudi katikati kama kilivyonunuliwa. Nilipotaka kuinuka nitoroke, nikasikia sauti, na haikupitia kwa Bi Mwajuma.

"Keti, baba."

Mama Zuhura aliingia kwenye kale kachumba, akavuta kiti cha pili, akaketi ubavuni kwangu, huku Bi Mwajuma akisema "Wifi, mkweo huyo!" na yeye akijibu, "Mkwe gani, nimechoka na pazia. Angeniona ninavyochapa toka jana tusingefika hapa." Akanigeukia. "Tazama mkono wangu. Kona, juu kabisa. Weka hivyo tu, usiongeze kitu."

Nikakirudisha kitufe kona kwa mipangilio ya kompyuta yenyewe, nikaiweka programu yake ya kuchapa juu kabisa kwenye menyu, mahali mkono wake unapofika wenyewe. Akaichapa ratiba upya, Mzee Hamadi akimsomea, mimi nimeshika chetezo machozi yananitoka, na hayo hayakuwa ya moshi peke yake. Kijana wa ng'ambo akaja na rimu yake, akasaidia kutoa kopi.

Jibu la posa lilifika kabla mwezi haujaandama. Mzee Hamadi aliniletea chumbani kwangu, akakaa, akakohoa, akanitajia waliyoyataka wazee, mambo ya kawaida, shuka la bibi, mkaja wa mama. Nikawa naitikia kwa kichwa.

"Kuna sharti moja la nyongeza," akasema. "Limetoka kwa mama mwenyewe, na wazee wote wameliafiki. Bwana harusi atamwoa binti, ataingia nyumbani saa anayotaka, atakula, atalala. Kompyuta ya dukani haigusi."

Nikasema nimekubali kabla hajamaliza sentensi, na mpaka leo, nikiwa na mke na mtoto, nikiingia pale dukani nasalimia nimefunga mikono nyuma.