Kinga Iliyotoboa Rejeta ya Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, Kibiriti amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gereji yake, shavu limegusa tairi la mbele la pikipiki, boliti ameibana kwa meno. Hawezi kuongea, na leo hilo linamfaa. Nyuma yake, kwenye kiti pekee cha gereji ambacho miguu yake yote imetimia, ameketi mama mkwe wake.

Pikipiki ni ya mama huyo. Ni ile aina ya porini, ndefu, yenye tairi za meno na rejeta mbili nyembamba za kupozea injini, zilizokaa nyuma ya gurudumu la mbele, pale pale jiwe linapopenda kurukia. Mama ni mganga wa mifugo anayekaribia kustaafu, na njia anazopita zilitengenezwa na mbuzi.

Kazi ya Kibiriti ni kufunga kinga mbele ya rejeta hizo. Ni vibati vigumu vya alumini vyenye matundu ya kupitisha upepo. Kiwandani havikuwekwa, mwenye pikipiki hujinunulia dukani, kisha humtafuta fundi.

"Mwambie mumeo hiyo spana ni kubwa," anasema mama.

Mume mwenyewe yuko hatua moja tu kutoka kwenye viatu vya mama. Mke wa Kibiriti, anayeuza vipuri kwenye dirisha la gereji, anageuka bila haraka.

"Baba Pacha, mama anasema spana ni kubwa."

Kibiriti anatema boliti kiganjani. "Mwambie nimesikia."

Kisha anabadilisha spana, maana ni kubwa kweli.

Mazungumzo ya namna hii yameendelea tangu alipomfungia mama kinga ya kwanza, miezi kadhaa iliyopita. Boksi lilikuja na kinga mbili, boliti mpya, na vijipande vya bomba vifupi vinavyong'aa. Fundi alijiaminisha kwamba vijipande hivyo ni vya kuzuia mzigo usigongane njiani. Akaviweka kando. Mkewe akavipenda, akavitunga kwenye pazia la mlango wa bafu.

"Kumbe ni bushi," anamsimulia mwandishi wa habari hii, akijikuna kisogo. "Zinakaa katikati ya kinga na rejeta. Boliti imerefushwa kwa ajili yake. Sasa wewe ukiitoa bushi, boliti inafanyaje? Inaendelea na safari."

Safari hiyo iliishia tumboni mwa rejeta.

"Nilimkinga mama na mawe yote ya dunia hii," anasema, "halafu nikamtoboa mimi mwenyewe."

Tundu halikuvuja hapo hapo. Lilivumilia mpaka mama alipofika mlimani, alikokuwa akisubiriwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Pikipiki ilipanda kilima cha mwisho ikitoa mvuke, ikazima. Mama alimzalisha ng'ombe, akanawa mikono, akaikokota pikipiki mpaka gereji. Kibiriti alimwamkia, naye mama akaitikia vizuri kabisa. Kibiriti anasema hapo ndipo alipojua ameharibu.

"Alisema, naomba maji ya kunywa, na mengine ya pikipiki. Basi. Angenigombeza ningelala usingizi."

Hakumsemesha tena. Mbaya zaidi, rejeta ilipotakiwa kuzibwa aliipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wa Kibiriti, ambaye mpaka leo humsimulia kila mteja kisa hicho akiwa amesimama, ili mikono ipate nafasi ya kuonyesha mvuke.

"Wenye pikipiki za porini wakaanza kutukwepa," anasema mke. "Mtu anakuuliza usoni, kama mama mkwe kamkimbia, mimi ni nani? Unamjibu nini?"

Ni yeye aliyembembeleza mama arudi. Mama alikubali kwa sharti moja, akalisema kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo: atajaribu mara hii tu, na ikivuja tone moja, pikipiki itavuka barabara na haitarudi tena. Ndiyo maana leo fundi wa ng'ambo anafagia mbele ya gereji yake kwa bidii ambayo majirani hawajawahi kuiona.

Tangu aibu ile, Kibiriti hafungi boliti kabla ya kuipima kwa njiti ya kibiriti. Huipenyeza njiti kwenye tundu mpaka iguse rejeta, huikata usawa wa mdomo wa tundu, kisha huilinganisha na urefu wa boliti utakaozama. Boliti ikizidi njiti, haiingii. Havuti sigara, lakini kwa viberiti anavyonunua, muuza duka wa jirani anamhesabu miongoni mwa wavutaji wakubwa wa mtaa, na jina la Kibiriti limemganda.

Leo kila tundu lina njiti yake, na bushi zimerudi kutoka bafuni. Anakaza boliti polepole, anazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, kuona kama kinga inagusa chochote. Haigusi. Anatandika kipande cha boksi chini ya injini na kuiwasha.

Wote wanainama kutazama boksi. Fagio la ng'ambo limesimama. Injini inapata joto, feni inaanza kuzunguka, na tone moja linadondoka katikati ya boksi.

Kibiriti anafumba macho. Mama anashuka kitini, anapiga magoti kwa shida, anagusa tone kwa kidole na kulinusa. Maji ya rejeta yake ni ya kijani na yanateleza. Haya hayana rangi.

"Hili ni jasho lako, baba," anamwambia. "Jifute uso."

Mke anafungua mdomo apeleke ujumbe, anagundua umeshafika, anaufunga. Kibiriti anajifuta kwa tambara lenye grisi na kutoka na masharubu mapya.

Mama anavaa kofia ngumu na kuondoka kuelekea njia ya kokoto. Anaporejea, kinga ya kushoto imebonyea, shimo la kutosha yai. Nyuma yake rejeta ni nzima na kavu. Kibiriti anaishika ile kinga kwa mikono miwili na, bila kuona haya mbele ya mwandishi, machozi yanamlengalenga.

"Nikunyooshee, mama?"

"Acha hivyo hivyo. Nataka yule aione." Naye anaisukuma pikipiki mpaka ukingo wa barabara, upande uliobonyea ukitazama ng'ambo.

Kibiriti sasa ana mpango. Anataka kuacha kutegemea kinga za dukani na kuanza kukata zake mwenyewe, nene kidogo, zinazoenea pikipiki za njia mbaya za huku. Kiolezo cha kadibodi kiko tayari ukutani. Anachokosa ni mtu wa kukubali kuwa wa kwanza kuzijaribu.

"Nifungie mimi," anasema mama, akivaa glavu zake. "Ila boliti nitanunua mwenyewe."