Kibao cha Mulembe

Mjukuu wangu alipigwa kwa kusema "mulembe." Kwetu magharibi hiyo ni salamu, na maana yake ni amani. Nilikuwa nimempeleka shule asubuhi, hapa mtaani Dandora, akaniaga langoni: "Mulembe, kuka," yaani babu. Mwalimu akasikia. Akamvika kibao cha mbao chenye kamba, kile anachovaa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani mpaka naye anase mwenzake. Jioni, anayekutwa nacho anachapwa. Siku hiyo hakuna mtoto mwingine aliyeteleza ulimi. Alichapwa kwa mpira wa maji mpaka vidole vikashindwa kushika kijiko. Nasikia sheria ilikataza viboko. Labda bado iko njiani Jogoo Road, kwenye foleni ya magari.

Tangu hapo nikimsemesha kwa lugha yetu ananitazama tu kama kuku mgonjwa. Mimi niliishia darasa la tatu, na Kiswahili chenyewe nilikiokota jaani pamoja na chupa. Hadithi zangu zote ziko kwa lugha ile. Nani atazibeba?

Kuna padri mzee kanisani kwetu, Mwairishi, anayependa mandazi kuliko komunyo, Mungu anisamehe. Akaniambia: "Mzee, babu yangu alifungwa kijiti shingoni. Kila neno la Kiairishi, alama. Kila alama, kiboko. Mimi nilipoingia shule, Kiairishi kilishakuwa somo la lazima. Nami sikukijua, maana babu aliogopa kukisema nyumbani. Nikachapwa damu kwa kutokijua." Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kesho yake jioni nikaenda shuleni. Nikamkuta mwalimu ameinua mpira juu ya mjukuu wangu, kibao kiko shingoni mwake tena. Nikaudaka. Tukavutana, tukaangusha dawati, nikamng'ata mkono kwa meno yaliyobaki. Akalia: "Mayi wee! Mayi wee!" Yaani mama yangu wee, kwa lugha yetu, tena kwa lafudhi ya kwetu kabisa!

Darasa zima likasikia. Kisha sauti kutoka nyuma: "Ticha, vaa kibao!" Wote wakapiga meza: "Vaa! Vaa!"

Mwalimu akanipiga ngumi ya mdomo; pengo ninalo mpaka leo. Bawabu akanikokota nje. Mjukuu akatufuata, kibao shingoni.

"Rudisha hicho!" bawabu akamfokea.

Akakishika kwa mikono iliyovimba. "Mulembe, kuka," akasema, kwa sauti ya kusikika darasani.

Nikatema damu, nikaitikia.