Kila Jani na Doa Lake

Nakumbuka asubuhi moja ambayo sinia la Mama Ngalula lilirudi nyumbani limejaa kama lilivyotoka. Mikate yake ya kukaanga ilisifiwa cité nzima ya Musonoi, mtaa wa wachimba shaba wa Kolwezi, lakini siku hiyo hata mlevi hakuigusa.

Mwanangu, enzi hizo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa kijana wa njia. Shule niliiacha mapema. Miguu iliniwasha kuliko kichwa. Nilipita Jadotville, nikafika Dilolo, nikarudi Kolwezi na mfuko wa majani makavu na maswali mengi. Kila nilipolala niliuliza watu wanajitibu kwa dawa gani. Kuuliza si ujinga, ingawa kubeba majibu bila kuyapima kunakaribia ujinga.

Mama Ngalula alikuwa mjane aliyetoka Kasai. Kwa mikate hiyo watoto wake walikula na kusoma. Ndipo choa kikamtoka mikononi, madoa ya mviringo yenye kingo nyekundu, yakiwasha mchana kutwa, na watu wakanong'ona kwamba ni ukoma. Infirmier, muuguzi wa dispensari, alimdunga kidogo kwa sindano katikati ya doa, Mama akaruka.

"Umesikia maumivu? Basi haiko ukoma," infirmier akasema.

Lakini pomada ilikuwa imekwisha, ikingojewa kuja na treni, na watu hawakuiamini sindano. Nani atakula unga uliokandwa na mikono ile?

Sasa sikia desturi yetu. Shaba ilituleta kutoka kila upande, tukaishi ukuta kwa ukuta. Mtu akiugua, kila jirani alileta jani la kwao, na kulikataa la mmoja ni kukitukana kijiji chake kizima. Kwa hiyo yote yaliingia chungu kimoja, yakachemshwa, hakuna aliyenuna. Ndivyo tulivyoipika amani. Kama mgonjwa alipona, hilo lilikuwa jambo jingine.

Jioni hiyo tulikusanyika kwa Mama Ngalula. Tata Sakayombo, mzee wa Kilunda aliyeheshimiwa kuliko wote, alileta majani ya mti wa kwao. Mimi nilileta jani langu la Dilolo, nikijiona tabibu. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mama Chola, Mubemba, alileta matawi ya kichaka cha uzio wake, kile chenye maua ya njano yanayosimama kama mishumaa. Watu wakacheka.

"Mama Chola, leo unabomoa uzio wa lupango?"

"Nabomoa, ili weye upite kuomba chumvi bila kuzunguka."

Nikashika chungu. Tata Sakayombo akanishika mkono.

"Kijana, unataka kufanya nini?"

"Kuchanganya, Tata. Moja ikishindwa, ingine itasaidia."

"Akipona, utashukuru jani ya nani? Akiungua, utagombeza nani? Umetembea fasi mingi, lakini sawa mutu mwenye kufunga macho."

Nikakiweka chungu chini. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mzee anataka kuleta ugomvi wa makabila. Mama Ngalula mwenyewe ndiye aliyelaza mikono yake juu ya kiti.

"Madoa iko mingi," alisema. "Muwekee kila jani doa yake. Na hii moja muipake mafuta tupu, tuone kama mafuta njo inaponyesha. Lakini mutu asinune. Mikono ni yangu."

Tukatwanga kila jani peke yake, tukalichanganya na mafuta ya ngazi, yaani mawese, tukalizungushia kila doa alama ya makaa. Kila jioni majirani walikuja kutazama mikono ile kama watu wanaotazama mpira, kila mmoja akilishangilia jani la kwao.

La kwangu lilitoa malengelenge upesi, tukaliosha. Mwanangu, lingeingia chunguni, lingeunguza mikono yote miwili. Doa la mafuta lilizidi kupanuka. La Tata Sakayombo lilibaki lilivyokuwa. La Mama Chola lilianza kufifia ukingoni, likabanduka magamba madogo, hata ngozi ikawa laini.

Sote tukamgeukia Tata Sakayombo. Mzee akinuna, watu wa kwake watanuna, na sote tutarudi kwenye chungu. Akainama, akalitazama doa lake, akalitazama la Mama Chola, akayarudia yote mawili polepole.

"Jani yangu imeshindwa," akasema. "Mama Chola, unipe mbegu, nipande kwangu."

Tukapumua, tukacheka. Madoa yote yakapakwa jani la uzio, na infirmier naye akaja kuomba tawi. Mikono ilipotakata, Mama Ngalula akakaanga tena. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Tata Sakayombo. Hakuupeleka mkate nyumbani. Aliula amesimama katikati ya njia, taratibu, ili kila apitaye amwone akilamba vidole.

Basi, mwanangu, tembea, na uulize sana. Lakini ukiokota jambo, lipe doa lake, uliache lipimwe peke yake mbele ya watu. La jirani likishinda, sema limeshinda, kisha uombe mbegu. Usilifiche la kwenu chunguni kwa kuogopa lisishindwe. Anayepona ni mgonjwa, si jani.

Mungu akupe miguu isiyochoka na macho yaliyofumbuliwa. Na uzio wako usikose ua la kumponya jirani.