Ukumbi Ulioponea Chupuchupu Kuwa Ghala la Vitunguu

Ukumbi wetu uko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Karatu mjini, na una tatizo moja la siku nyingi: madirisha yake hayana vioo. Vilivunjika kimoja kimoja, na mwenye ukumbi hakuona sababu ya kuvirudisha. Kwa hiyo kila Jumapili mchana bendi yetu ilipopiga, mji mzima ulisikia bure. Watu walijaa nje, juu ya bodaboda zao, juu ya matofali, juu ya ukuta wa jirani, wanatikisa vichwa na kutupigia makofi. Ndani walikuwa watu tisa, na watatu kati yao walikuwa wake zetu.

Jambo hilo lilinichoma. Mimi ndiye mpiga gitaa la solo, na siku za kazi naendesha magari ya watalii kwenda kreta kuona wanyama. Hasira zangu ziko karibu, mke wangu ni shahidi. Siku moja nilitoka nje katikati ya wimbo, gitaa begani, waya ukinifuata mpaka ukagoma, nikamkabili mzee mmoja wa Loliondo. Kila alipokuja mjini kwa shughuli za mnada alisimama kwenye dirisha lile lile na fimbo yake.

"Mzee, mbona huingii ndani?"

"Ndani kuna nini?" aliuliza kwa upole.

"Si kuna muziki!"

"Muziki uko hapa. Mimi nausikia hapa. Huko ndani kuna joto."

Kisha akaniomba nirudi nikaumalizie ule wimbo, maana anaupenda.

Mwenye ukumbi ni mwalimu mstaafu, Mwiraqw mwenzangu, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Siku aliyotuita ofisini kwake tulijua hatuitiwi chai.

"Wanangu," alisema, "nimepata mtu wa vitunguu kutoka Mang'ola. Anatafuta ghala. Vitunguu vinajaza ukumbi. Nyie hamjazi."

Tulimbembeleza mpaka tukaishiwa maneno. Mwisho akatupa Jumapili moja. Tuujaze ukumbi, ndani, wa nje hawahesabiwi. Tukishindwa, Jumatatu magunia yanaingia.

Hatukuwa na pa kwenda. Baa zote za mji siku hizi zina spika na simu ya kuchezea nyimbo, basi. Ukumbi ule ukifungwa, bendi ingehamia gereji ya mpiga dramu wetu, ambaye ni fundi magari, tukapige kati ya difu na springi. Na nikiri jambo hapa: hoteli moja iliyo kwenye njia ya kwenda geti la kreta ilikuwa imeniita nikapige gitaa peke yangu, wageni wakila chakula. Niliwaambia nitawajibu Jumatatu. Wenzangu sikuwaambia kitu.

Maandalizi yakaanza. Tulipigilia maturubai kwenye madirisha ili wa nje wakose kusikia. Tulipofanya mazoezi, wa nje wakatushukuru sana, kwamba sasa sauti inatoka vizuri zaidi, haina mwangwi.

Mwenye ukumbi naye akaongeza sharti: shughuli ifunguliwe kwa slufay, yaani ile sala yetu ya jadi. Mzee husimama akaomba kwa Kiiraqw, maneno yamepangika vizuri, na kila anapotua watu wote huitikia. Kuitikia kwenyewe si mapambo. Asiyeitikia hayumo kwenye baraka, na aliyeitikia amekubali yote yaliyosemwa. Mimi nilipinga kwa nguvu, kwa sababu nawajua wazee wetu wakishapewa nafasi. Sikusikilizwa. Mpiga dramu akaenda Endamarariek na pikipiki, akarudi na babu mmoja mwembamba mwenye koti la sufu.

"Shikamoo, babu. Ni dakika tano tu, babu."

"Marahaba. Hata tano hazifiki," alinijibu.

Saa nane mchana ndani walikuwa wale wale tisa. Nje ulikuwa umejaa mji. Babu akavua kofia, akaisukuma maikrofoni pembeni kama mtu anayekataa uji, akaanza kuomba kwa sauti ndogo sana.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyofanya kazi. Wa nje walijua kuna slufay ila hawakusikia maneno, na usiposikia utaitikia nini? Wakaingia kwanza akina mama wa Rhotia waliotoka ibadani. Wakafuata vijana wa bodaboda. Mwisho akaingia yule mzee wa Loliondo na fimbo yake, ambaye Kiiraqw hajui hata neno moja, lakini baraka zikigawiwa hakubali kupitwa.

Babu aliomba mvua. Akaomba maharage, ng'ombe, uzazi, barabara, na magari ya watalii yasiharibike breki. Dakika tano zikawa arobaini. Mimi nilikuwa naangalia saa, nimefura kwa hasira, mdomo unaitikia wenyewe. Kisha mpiga dramu akaanza kugusa dramu polepole kila watu walipoitikia. Nilimkata jicho. Baada ya muda vidole vyangu navyo vikamfuata, na ukumbi mzima ukawa unavuma pamoja nasi. Nasema kweli, katika miaka yangu yote ya gitaa sikuwahi kufurahi vile.

Sala ilipokwisha tulipiga mpaka jioni. Watu walikaa wote, nadhani kwa sababu hata njia ya kutokea haikuwepo.

Nilimfuata mwenye ukumbi kwa madaha. "Umejaa, Mzee."

"Wamekuja kwa sala. Hawakuja kwa gitaa lako."

Madaha yaliniisha. "Kwa hiyo vitunguu vinaingia?"

"Vitaingiaje? Kwani wewe ulikuwa husikilizi?"

Nilikuwa naangalia saa. Akanieleza kwa uchungu kwamba babu aliomba nyumba hii ikae nyimbo, isikae magunia. "Nami nikaitikia! Nimefumba macho, nimenogewa, naitikia mbele ya mji mzima. Nani alimwambia babu habari za magunia?"

Nilimtazama mpiga dramu aliyemleta babu na pikipiki. Alikuwa anakunja waya kwa bidii kubwa.

"Na wewe usicheke," mwenye ukumbi aliendelea. "Uliitikia pia. Aliomba wapigaji hawa wasitawanyike, asiwepo wa kwenda kupigia watu wanaotafuna."

Nilimtazama tena mpiga dramu, ambaye gerejini kwake ndiko magari ya hoteli ile hutengenezwa. Waya alikuwa ameshaumaliza. Akaukunjua, akaanza upya.

Jumatatu asubuhi meneja wa hoteli alinipigia simu kuuliza nimeamuaje. Nikamwambia siji. Akauliza kama tatizo ni mshahara. Nikasema hapana, jana palikuwa na slufay, na mimi niliitikia.

Meneja huyo kwao ni Mbulu, Mwiraqw kama sisi. Mshahara hakuutaja tena.

"Sawa," alisema. "Jumapili mnaanza saa ngapi?"