Sukari Katika Kitabu cha Kivuko

Mimi niliishia darasa la saba. Ukarani wa kikundi cha kivuko nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, sidai zaidi ya hapo. Kitabu cha mikutano ni mkono wangu tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kama kuna kosa ndani yake ni langu, ingawa siku nyingine naona si kosa. Bado sijaamua.

Kikundi kina mtumbwi mmoja. Sisi wakulima tuko upande wa Kulesa, wafugaji wana maboma yao nyuma yetu, na shule iko ng'ambo ya mto. Watoto wa shule huvushwa bure, wa mkulima na wa mfugaji. Mtu mzima hutoa kitu kidogo, ndicho kinachonunua lami na mbao. Lakini mtumbwi umezeeka. Mto ukijaa mamba husogea karibu, na binti yangu wa mwisho huvuka kila asubuhi akichota kwa kopo maji yanayovuja miguuni pake.

Shirika moja likaja likasema litatupa boti ya injini. Sharti lilikuwa moja, tuonyeshe cheti cha msamaha wa kodi kabla ya masika, kuthibitisha kwamba sisi ni kikundi cha hisani na si biashara. Tulicheka. Nani amtoze kodi mtu mwenye mtumbwi unaovuja? Tulidhani umaskini wetu wenyewe ni cheti.

Mwenyekiti na mimi tukaenda ofisi ya kodi, nauli zote mbili akatoa yeye. Afisa aliyetupokea alikuwa binti mpole, akatutafutia viti. Alisoma katiba ya kikundi, halafu akafungua kitabu changu na kukisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mtu aliyewahi kukisoma hivyo, na nakiri nilifurahi. Kisha kidole chake kikasimama.

"Mzee, hii sukari ni nini?"

Nikamweleza. Zamani, baada ya pande mbili kugombana, hakuna aliyekubali kuweka shilingi kwenye sanduku moja na mwenzake. Wakapatana hivi: kila mwisho wa mwaka, kinachobaki baada ya matengenezo kinunue sukari, igawanywe hadharani kwa kikombe kimoja cha bati. Mama wa wakulima anawapimia wafugaji, mama wa wafugaji anawapimia wakulima. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika. Nami niliandika kila mgao, na kila mtu akaweka kidole chake kando ya jina lake.

"Ni jambo zuri sana," akasema. "Lakini kikundi kinachowagawia wanachama wake kilichobaki hakipewi msamaha. Kinachobaki lazima kirudi kwenye kazi ya kivuko."

"Ni sukari tu, mwanangu," mwenyekiti akasema.

"Hata ingekuwa chumvi, mzee."

Akatueleza njia. Tubadilishe katiba, tuache kugawana, tujaze ritani, yaani fomu za kodi, za miaka yote iliyopita, ndipo tuombe, na jibu halitakuja upesi. Hakutuomba chochote, hilo lazima niliandike. Masika yalikuwa karibu.

Wakati wa kurudi, tulipofika Minjila tukaketi kungoja bodaboda. Mwenyekiti akauliza, "Karani, daftari jipya ni shilingi ngapi?"

"La nini?"

"Uandike upya. Mikutano ile ile, watu wale wale. Sukari tu isiwepo."

"Na vidole vya watu?"

"Vidole si bado tunavyo?"

"Yule binti ameshaiona."

"Tutaenda dirisha lingine."

Nisimwonee. Mtu huyu amejitupa mtoni mara mbili kuokoa watoto wasio wake, mimi sijajitupa hata mara moja. Daftari nikalinunua. Nilinakili siku mbili, mpaka nikafika kwenye mgao wa kwanza, na hapo nikakwama. Nikiiacha sukari, siku mtu akisema upande wake ulipunjwa, nitamwonyesha nini? Nikiiandika, boti imekwenda na binti yangu aendelee kuchota maji. Siku ya tatu nilipeleka kitabu cha zamani mkutanoni, nikasema yote, na la daftari jipya pia. Sijui kama ulikuwa ukweli ulionisukuma au woga wa kukamatwa. Mwenyekiti hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Boti ikaenda kijiji kingine. Walikuwa na cheti, waliipata kwa haki.

Kwa kuwa mashirika mengine yatauliza lile lile, mkutano ukakubali kuacha kugawana na kuanza maombi. Mama wa wafugaji, anayeshika kikombe, akauliza, "Sasa sisi tutajuaje kilichobaki kimebaki?"

"Kiko kwenye kitabu," mwenyekiti akamjibu.

"Kitabu nasomewa na nani?"

Watu wote wakanitazama. Nikaahidi kusoma kwa sauti kila mwezi. Tangu hapo mkutano ukikaribia siwezi kulala ugenini, hata Garsen tu. Wananisikiliza kwa utulivu, lakini yule mama hunitazama mdomo, kama alivyokuwa akitazama kikombe kisijae kupita kiasi. Hana kosa. Zamani aliona kwa macho yake, sasa anaambiwa kuamini sauti yangu.

Maombi bado yanaangaliwa. Jina langu na namba yangu ya simu vimo humo, na tumeshauriwa tusibadilishe viongozi mpaka jibu lije. Nilimwambia mwenyekiti nataka kupumzika.

"Andika barua," akasema.

"Nimpe nani?"

"Barua za kikundi hupokewa na karani."

Hakuwa anatania, au labda alikuwa. Niliandika, nikaipokea, nikaitia kwenye faili. Mkutano uliofuata, tulipofika kwenye barua zilizoingia, nikasimama nikaisoma yote, na sababu zangu tatu za kutaka kupumzika. Mama wa wafugaji akasogeza kigoda chake mbele kidogo.

"Hiyo tumesikia, karani," akasema. "Sasa tusomee ya kivuko."

Nikafungua kitabu, nikasoma.